Mavi ya Kale

Mwalimu Hermelinda alitandika ramani mezani,
akaizungushia Peru wino mwekundu, akasema:
"Haya. Hili ndilo eneo letu. Kila mtu aje na chanzo chake."
Upepo wa Pisco, wenye vumbi na shombo,
ukapenya dirisha lisilo na komeo
ukaiangusha ramani miguuni pangu.
Nilipoiokota, mpaka haujakauka bado:
nchi nzima ikanipaka kidole gumba.

Wiki ya pili nikasimama mbele ya darasa.
Chanzo changu, nikasema, ni mavi.
Wakacheka mpaka Wilmer akaanguka kitini.
Mwalimu hakucheka. "Endelea, Yesenia."

Mavi ya ndege. Ya mnandi, ya mwari,
visiwani Chincha, hapo mbele yetu,
yamelundikana kimo cha ghorofa kumi
kwa kuwa mvua huku hainyeshi hata ya kusingizia.
Wakulima wa milimani waliyajua kabla ya wote,
wakayapandisha kwa migongo ya lama,
mfuko kwa mfuko, mahindi yakashukuru.
Kisha mashamba ya Uingereza yakachoka,
na mtu aliyechoka hununua chochote.
Meli zikapanga foleni miezi na miezi
kusubiri kujazwa kinyesi.

Mkate uliokatwa Liverpuli ulianzia hapa,
kwenye tumbo la ndege aliyekula dagaa wetu.
Fedha ikarudi Lima, ikajenga majumba yenye roshani.
Fedha hiyohiyo ikakomboa watumwa,
yaani, wakalipwa waliowamiliki,
na waliomilikiwa wakaambiwa nendeni.
Kisha ikavuka bahari kubwa mpaka Makao
kutafuta migongo mingine.

Hapo nikafungua daftari langu.
Nimenakili kwa mwandiko wangu, kutoka jalada la mthibitishaji:
*Asén, miaka kumi na tisa. Miaka minane ya kazi.
Mchele ratili moja na nusu kwa siku. Hajui kuandika.*
Chini yake, alama.
Karani aliiita msalaba.
Mimi nimeitazama mara nyingi, si msalaba.
Ni herufi ya kwao, imeandikwa kwa haraka,
na karani ndiye aliyekuwa hajui kusoma.

Walichimba na vitambaa puani.
Vumbi lile huwasha macho, hukausha koo,
na wengine walijirusha kutoka juu ya jabali
pale ambapo leo watalii hupiga picha sili.
Wahenga husema mavi ya kale hayanuki.
Wahenga hawakulala Pisco upepo ukigeuka.

"Ni babu yako?" akauliza Wilmer, taratibu.
Sijui. Jina la mama yangu ni Lau,
na vitabu vya kanisa vina shimo la miaka ishirini.
Bibi Zoraida hukana kabisa: "Sisi ni wa hapahapa."
Husema hivyo huku akiparuza tangawizi juu ya wali,
tangawizi ambayo Wahispania huiita *jengibre*
na sisi, Peru nzima, huiita *kión*.
Nilimuuliza neno hilo limetoka wapi.
Akaacha kuparuza. Akanitazama
kama mtu aliyeguswa begani gizani.
"Sokoni," akasema.

Mwalimu alinipa kumi na tatu kati ya ishirini.
Pembeni ameandika, kwa wino uleule:
*Utafiti mzuri. Umetoka nje ya eneo.*

Nikampelekea Bibi karatasi jikoni.
Akavaa miwani, akaisoma yote kimya,
kidole kikapita juu ya Asén, kikarudi,
kikatulia pale kwenye alama.
Hakusema kitu kuhusu hilo.
Akauliza tu, akifuta mikono kwenye kanga ya meza:
"Na hizo saba zilizobaki, ziko wapi?"

Nje ya mstari, Bibi.
Kesho nitapanda chombo cha watalii nizifuate.

Akanikatia kipande cha kión.
"Utafune," akasema. "Huzuia kichefuchefu cha bahari."
Nikamuuliza nani alimfundisha.